UZI: Maneno ya Kiingereza yaliyokatwa pasipo pake, na namna ya kupima hadithi za asili ya maneno

Mzizi wa Neno (mwanzisha uzi)

Wakuu, salaam.

Hadithi za asili ya maneno ya Kiingereza zinasambazwa sana, na nyingi ni uongo mtupu. Nimeona tuanze na kundi moja ambalo ushahidi wake umekamilika, na ambalo msemaji wa Kiswahili analielewa upesi kuliko hata Mwingereza: maneno yaliyokatwa pasipo pake.

Tuanzie kwetu. "Kitabu" kimetoka katika Kiarabu, na wingi wake huko ni "kutub". Ile "k" ni ya mzizi, k-t-b. Sisi tukaisikia kama "ki" ya kiti na kisu, tukapata vitabu. "Wakati" na "waraka" navyo ni vya Kiarabu. "W" yao ya mwanzo ikahesabiwa kuwa kiambishi, kama ile ya wimbo na nyimbo, tukapata nyakati na nyaraka. Barabarani kuna kiplefti na viplefti, kutokana na kibao cha "keep left". Mafundi wanasema digadi moja, madigadi mawili, ingawa "mud" ya "mudguard" ni tope na haina uhusiano wowote na wingi.

Kiingereza hakina ngeli, lakini kina kijineno "a" ambacho mbele ya irabu hugeuka "an". Ukilitamka neno kwa kasi ya kawaida, "a napron" na "an apron" zinasikika sawasawa kabisa. Msikilizaji ndiye anayeamua "n" ni ya nani, na mara kadhaa katika historia watu wengi waliamua vibaya kwa pamoja.

Zilizopoteza "n":

"Apron", aproni ya jikoni, ilikuwa "napron", kutoka Kifaransa cha kale "naperon", yaani kitambaa kidogo cha meza. Ndugu yake "napkin" aliponea na bado ana "n" yake.

"Adder", nyoka mwenye sumu wa Ulaya (ndilo jina lililomo katika "puff adder", yaani kifutu), alikuwa "nædre" katika Kiingereza cha kale. Wajerumani bado wanasema "Natter".

"Umpire", mwamuzi wa kriketi na tenisi, alikuwa "noumpere", kutoka Kifaransa "nonper", asiye na mwenzake. Maana yake ni mtu wa tatu, aliye nje ya wale wawili wanaoshindana. Hili ndilo ninalolipenda kuliko yote, kwa sababu maana ya asili inaeleza kazi yenyewe kuliko neno lilivyo leo.

Zilizopata "n" isiyo yao:

"Newt", mnyama mdogo mwenye mkia aliye jamii ya chura, alikuwa "ewt". "Nickname", jina la utani, lilikuwa "ekename". "Eke" ilimaanisha nyongeza, kwa hiyo ni jina la ziada. Na "mine", iliyotumika zamani mbele ya irabu badala ya "my", ilifanya kazi hiyo hiyo: "mine Ed" ikazaa Ned, "mine Ann" ikazaa Nan, "mine Ellen" ikazaa Nell.

Kwa nini makosa haya yamesongamana zaidi kwenye karne ya 14 na 15? Kwa sababu kabla ya hapo Kiingereza kilikuwa na "ān" moja tu, maana yake "moja", na "n" yake haikudondoka. "N" ilipoanza kudondoka mbele ya konsonanti ndipo msikilizaji alipokosa alama ya kumwambia neno linaanzia wapi. Kosa hili pia linataka nomino ihesabike. Neno lisilosimama baada ya "a" mara kwa mara halina nafasi ya kukatwa hivi.

Bint Sarufi

Mwalimu, ahsante kwa somo. Nina swali. Vitabu vingi vya shule vinaweka "orange" katika orodha hii, eti ilikuwa "a norange". Kwenye orodha yako haipo. Umeisahau?

Mzizi wa Neno

Dada, nimeiacha makusudi. "N" ya chungwa haikupotelea Uingereza. Neno lilipita kutoka Kiajemi hadi Kiarabu kama "nāranj". Wahispania wakalichukua zima, "naranja". Wafaransa na Waitalia ndio walioipoteza "n", na Waingereza wakapokea "orange" ikiwa tayari haina. Kwa hiyo anayesema "norange" ilikatwa London anasimulia tukio lililotokea kwingine.

Sisi wa pwani tulilipokea kwa njia ya bahari, na "n" yetu ipo: narinji. Mswahili anayesema rangi ya narinji yuko karibu zaidi na neno la asili kuliko Mwingereza na "orange" yake.

Fundi Kamusi

Naongezea upande wa pili wa kosa hilo: kijineno kilichogandishwa badala ya kukatwa. "Alligator", mamba wa Amerika, ni Kihispania "el lagarto", yule mjusi. Mabaharia wa Kiingereza wa karne ya 16 wakameza "el" pamoja na mjusi wake. "Lariat", kamba ya kunasia ng'ombe, ni "la reata". Jambo hilo hilo limetokea Kongo: "lopitalo" ni "l'hôpital" ya Kifaransa, na "l" yake ilikuwa kijineno tu.

Kiarabu ndicho kilichoachia Kiingereza "al" nyingi zaidi: "algebra", "alcohol", "alcove". Ila iliyo ya ajabu kuliko zote ni "admiral". Cheo kilikuwa "amīr al-" kikifuatiwa na neno jingine, kwa mfano bahari. Wazungu wakachukua "amīr", wakachukua na "al", kisha neno lenyewe lililokuwa likitambulishwa na hiyo "al" wakaliacha. Neno limekatwa katikati ya sentensi. Baadaye waandishi wa Kilatini wakachomeka "d" wakidhani lina uhusiano na kustaajabia, "admirari". Sisi tulikata panapostahili tukapata amiri, kama katika Amiri Jeshi Mkuu.

Kuna mengine ya mzizi mmoja na yetu ambayo wengi hawayatambui. "Tariff" ya ushuru na taarifa yetu zote ni "taʿrīf", kujulisha. Orodha ya ushuru ilikuwa taarifa kwa mfanyabiashara. "Monsoon" ilipita kwa Wareno kutoka "mawsim", na huo ndio msimu wetu, ambao nao tumeukata: wingi wake misimu, kana kwamba "m" ni ya mti na miti. "Magazine" ni "makhāzin", maghala, ambalo kwa Kiarabu tayari ni wingi. Mzizi wake ni ule wa hazina. Kwa Kiingereza ilimaanisha ghala, ikawa ghala la baruti, na mwaka 1731 likatoka jarida la London lililojiita The Gentleman's Magazine, yaani ghala la habari. Maana hiyo ya mwisho ndiyo iliyotamalaki.

Mgeni Njia

Je, kuna maneno ambayo Waingereza waliyakata upande wa nyuma? Sisi wingi wetu uko mbele, wao wingi wao "s" uko nyuma. Ningetegemea kosa liwe huko.

Bint Sarufi

Umetegemea sawasawa, mkuu. "Pea", punje ya njegere, ilikuwa "pease", na hiyo "s" ilikuwa ya mzizi; Kilatini ni "pisum". Watu wakasikia wingi, wakatoa "s", na kufikia karne ya 17 "pea" ikawa umoja halali. "Pease pudding" ndiyo masalia. "Cherry" ilikuwa "cherise" ya Wanormani, ikapata msiba huo huo. "Sherry", mvinyo wa Jerez wa Hispania, ilikuwa "sherris".

Kinyume chake ni "children", yenye wingi mara mbili. Kiingereza cha kale kilikuwa na "cildru", baadaye "childer", na huo ulikuwa wingi tayari. Wingi wa aina hiyo ulipoanza kuwa nadra, watu hawakuuhisi tena, wakaongeza "-en" juu yake.

Halafu kuna ukataji wa kisasa, ambao unaendelea hadi leo na unafuatilika mwaka kwa mwaka. "Hamburger" imetokana na mji wa Hamburg na ina vipande viwili, Hamburg + er. Kwa kuwa "ham" ni nyama ya nguruwe, watu wakakata ham + burger, na "burger" ikapata uhai wake. "Bikini" ni jina la kisiwa cha Pasifiki ambako Marekani ililipua bomu la atomiki Julai 1946. Mfaransa Louis Réard aliizindua nguo yake ya kuogelea ya vipande viwili Paris mwezi huo huo. "Bi" ikasikika kama ile ya Kilatini ya "mbili", na mwaka 1964 ikaja "monokini". "Helicopter" ni Kigiriki "heliko", yenye mzunguko kama parafujo, na "pteron", bawa. Mkato halali uko kati ya "o" na "p", mahali ambapo ulimi wa Mwingereza hauwezi kabisa kukata. Ndiyo maana wanasema "copter" na "heliport".

Kijana wa Posta

Wakuu, naomba ufafanuzi kuhusu zile za vifupisho. NEWS ni North, East, West, South. GOLF ni "gentlemen only, ladies forbidden". POSH, yaani -a kifahari, ni tiketi za meli, "port out, starboard home" (upande wa kushoto kwenda, wa kulia kurudi). TIP ni "to insure promptness". Hizi nimezisoma sehemu nyingi sana, hata kwenye semina za Kiingereza. Je, ni za kweli?

Fundi Kamusi

Zote nne si za kweli. Nitazipitia kwa sababu kila moja inaanguka kwa namna yake.

"News" ni wingi wa "new", mambo mapya, kwa mfano wa Kifaransa "nouvelles". Katika maandishi ya mwisho wa enzi za kati inaandikwa "newes" na "newis". Pande nne za dunia haziwezi kuzaa tahajia hizo.

"Golf" inaonekana katika sheria ya Bunge la Scotland ya mwaka 1457 iliyopiga marufuku mchezo huo pamoja na mpira wa miguu, kwa kuwa vijana waliacha mazoezi ya upinde. Tahajia zake za kale zinatofautiana, na kifupisho hakiwezi kubadilika tahajia, maana kila herufi ni ya neno fulani.

"Posh" inasemwa ilipigwa muhuri kwenye tiketi za meli za kampuni ya P&O kati ya Uingereza na India, kwa abiria waliolipia vyumba vya upande wa kivuli. Haijapatikana hata tiketi moja yenye muhuri huo.

"Tip" ilikuwa lugha ya mtaani ya wezi wa karne ya 17 kwa maana ya kumpa mtu kitu. 

Kanuni ya jumla ni hii: kuunganisha herufi za mwanzo na kuzitamka kama neno ni tabia ya karne ya 20. Vita vya kwanza vya dunia vilileta Anzac (jeshi la Australia na New Zealand), vya pili vikaleta "radar", na hata neno "acronym" lenyewe ni la miaka ya 1940. Sisi tumezaliwa tukizisikia TANU, TAZARA na UKIMWI, kwa hiyo hadithi ya kifupisho inatuingia bila kipingamizi. Ukiletewa kifupisho cha neno lililokuwepo kabla ya mwaka 1900, anza kwa kukataa, kisha mdai mletaji ushahidi wa maandishi.

Mkumbo huo uikumbe na SOS, ishara ya Morse ya meli iliyo hatarini. Haikuwa "save our souls". Ilichaguliwa kwa sababu nukta tatu, mistari mitatu, nukta tatu ni mdundo usiochanganyika na mwingine. Ilianza katika kanuni za Ujerumani za 1905, ikakubaliwa kimataifa Berlin mwaka 1906. Maneno yalitungwa baadaye kukidhi herufi.

Kijana wa Posta

Na OK? Kama vifupisho ni vya karne ya 20, hiyo itakuwaje?

Mzizi wa Neno

OK haivunji kanuni, kwa sababu inatamkwa herufi kwa herufi. Na historia yake ni miongoni mwa zilizochunguzwa kwa makini kuliko neno lolote la Marekani. Mwaka 1838 na 1839 magazeti ya Boston yalikuwa na mtindo wa kufupisha maneno yaliyoandikwa kimakosa kwa makusudi. "All right" iliandikwa "oll wright", ikawa O.W. "All correct" iliandikwa "oll korrect", ikawa O.K. Ilichapwa katika Boston Morning Post tarehe 23 Machi 1839.

Vifupisho vingine vya mtindo huo vilikufa. Kilichoiokoa OK ni uchaguzi wa 1840. Rais Martin Van Buren alizaliwa Kinderhook, jimbo la New York, na wafuasi wake wakamwita Old Kinderhook, wakaanzisha vilabu vya O.K. Yeye alishindwa na Harrison, kifupisho kikabaki. Aliyefukua ushahidi huo ni Allen Walker Read, katika makala za 1963 na 1964, akipitia magazeti ukurasa kwa ukurasa. Kabla yake zilitajwa lugha za Wahindi Wekundu, Kigiriki, Kifaransa, na majina ya watengeneza biskuti.

Mama Tahajia

Naomba kuuliza la herufi zisizotamkwa. Wanafunzi wanasumbuka na "b" ya "debt" na "s" ya "island". Je, zilitamkwa zamani zikafa, au zilichomekwa?

Bint Sarufi

Mama, ziko za aina zote mbili, na ni muhimu kuzitenganisha kwa sababu kanuni zake hazifanani.

Zilizotamkwa kweli zikafa: "k" ya "knee" na "knife", iliyosikika hadi karne ya 17. "W" ya "write". "Gh" ya "night" na "light", iliyotamkwa kama "kh" ya kheri anavyoitamka mtu aliyesoma Kiarabu. Wajerumani bado wanayo katika "Nacht" na "Licht".

Zilizochomekwa na wasomi: hapa ndipo "debt" ilipo. Kiingereza cha zama za kati kilikuwa "dette", kutoka Kifaransa, na "b" haikuwepo wala kutamkwa. Wasomi wakaona Kilatini ni "debitum", wakairudisha "b" kwenye maandishi. Wafaransa nao waliwahi kuandika "debte", lakini wao wakaitoa tena. Leo ni "dette". Waingereza hawakuitoa. "Doubt" ni hivyo hivyo, kwa ajili ya "dubitare". "Receipt" ikapewa "p" ya "receptum", huku "deceit" na "conceit" za ukoo ule ule zikiachwa bila. Mwanafunzi anayeona fujo hapo ameona sawa, kwa sababu kazi ilifanywa nusu. Kiswahili kilikopa kwa sikio, ndiyo maana risiti haina "p".

Shakespeare alimweka mwalimu wa aina hiyo jukwaani: Holofernes, katika Love's Labour's Lost, anayewakasirikia watu wanaotamka "debt" na "doubt" bila "b".

Mbaya zaidi ni pale wasomi walipokosea ukoo. "Island" ni Kiingereza cha kale "īgland", na haina tone la Kilatini ndani yake. Wakaifananisha na "isle", ambayo kweli imetoka "insula", wakaitia "s". Kisha "aisle", njia ya katikati ya viti, iliyotokana na "ala", bawa, ikatiwa "s" kwa kufananishwa na "isle". Kosa limezaa kosa. "Could" ilipewa "l" kwa kuiga "should" na "would", ambazo "l" yao ni ya haki. "Delight" ikapewa "gh" kwa kuiga "light", ilhali Kifaransa chake kilikuwa "delit". "Ghost" ilikuwa "gast"; "h" inahusishwa na Caxton, aliyeleta mashine ya uchapaji Westminster mwaka 1476 baada ya kuishi miaka mingi Bruges, ambako neno hilo liliandikwa kwa "gh".

Kuna pia zilizochomekwa zikaishia kutamkwa. "Fault" ilikuwa "faute", "perfect" ilikuwa "parfit", "adventure" ilikuwa "aventure". Hapo maandishi yaliushinda ulimi.

Mgeni Njia

Sasa mtu wa kawaida akiletewa hadithi mpya anaipimaje bila kuwa na maktaba?

Fundi Kamusi

Tuchukue "nickname" ya mwanzisha uzi, tuipime tangu mwanzo. Wapo wanaodai "nick" ni kukata, yaani jina lililokatwa, na wengine wanasema ni Nick, kifupi cha Nicholas.

Kwanza tafuta mwaka. Merriam-Webster ya mtandaoni ni bure na chini ya maneno mengi huweka mwaka wa kwanza kuonekana. Etymonline nayo ni bure, na inaeleza njia neno lilikopita. Kamusi kubwa kuliko zote ni ile ya Oxford, iliyoanza kutoka kwa vipande mwaka 1884 na kukamilika 1928. Inanukuu mifano kwa mpangilio wa miaka, na maktaba nyingi za vyuo zimeilipia. Kumbuka mwaka huo ni wa maandishi ya kale kabisa yaliyopatikana. Mdomoni neno linaweza kuwa lilitangulia kwa miongo mingi, na akipatikana mwandishi wa mapema zaidi tarehe inarudi nyuma. Ni nadra kusogea mbele.

Pili, tazama tahajia za zamani. Hapa "ekename" inatangulia na "nekename" inafuata katikati ya karne ya 15. "Nick" haionekani mwanzoni, kwa hiyo hadithi zote mbili zimekufa hapo hapo.

Tatu, waulize ndugu wa Kiingereza. Waswidi wanasema "öknamn", Wadenmark "øgenavn". Hakuna "n" ya mwanzo huko. Jirani akiwa na neno lile lile lisilo na hiyo herufi, ujue herufi ni ya ugenini.

Nne, dai mwenza. Badiliko la sauti lililotokea kweli huacha alama kwenye maneno zaidi ya moja. Tunazo "newt" na Ned. Hadithi inayohitaji kanuni iliyofanya kazi kwa neno moja tu katika lugha nzima ina kasoro.

Watu wengi hukosea kwenye kufanana. "Much" ya Kiingereza na "mucho" ya Kihispania zinafanana sura na maana, na hazina undugu: ya kwanza ni "micel" ya Kiingereza cha kale, ya pili ni "multus" ya Kilatini. "Female" haikutokana na "male". Ni Kifaransa "femelle", na mwisho wake ulibadilishwa ili ufanane na "male". Kosa jingine ni kuchanganya umri wa neno na umri wa maana. "Mouse" ni ya kale kama panya wenyewe, ila ile ya kompyuta ni ya miaka ya 1960.

Tanga Mbili

Mimi nazungumzia misemo ya baharini, maana wafasiri wanaiharibu sana na sisi tuna maneno yake hasa.

"By and large", ambayo hufasiriwa "kwa ujumla", ni ya matanga. Chombo kinachokwenda "by the wind" kinakwenda joshi, yaani kinaubana upepo kadiri kiwezavyo. Kinachokwenda "large" kina upepo wa nyuma, ndiko kwenda demani. Chombo kizuri "by and large" kinakwenda vizuri kwa hali zote mbili. Msemo umetumika tangu karne ya 17, na ufafanuzi wa Kiingereza wa msemo huu huchukua aya nzima kwa msomaji wa nchi kavu. Nahodha wa jahazi anauelewa kwa maneno mawili.

"Three sheets to the wind", yaani kulewa chakari: hapa kosa la kila siku ni kudhani "sheet" ni tanga. "Sheet" ni kamba inayozuia pembe ya chini ya tanga, nayo kwetu inaitwa demani vilevile. Demani zikifunguka tatu, matanga yanapiga ovyo, chombo kinayumba. Mwanzoni mwa karne ya 19 walisema "in the wind", na hiyo inaeleweka zaidi: kamba zinapeperuka ndani ya upepo.

"Aloof", mtu anayejitenga, imetokana na "luff", Kiholanzi "loef", upande wa joshi. Amri hiyo ilimtaka mshika usukani aelekeze omo, yaani sehemu ya mbele ya chombo, kwenye upepo ili chombo kisisukumwe ufukoni. Kukaa mbali na pwani kukawa kukaa mbali na watu. "Taken aback" ni pale upepo unapogeuka ghafla ukapiga matanga ya mraba kwa mbele, ukayabandika kwenye mlingoti. Chombo husimama au kurudi nyuma, na mlingoti unaweza kuvunjika. Kwa hiyo ukilifasiri "kushangaa" tu umepunguza uzito: ndani yake mna kusimamishwa ghafla.

Mama Tahajia

Nashukuru sana wote. La mwisho kutoka kwangu: "colonel". Mbona inatamkwa kana kwamba ina "r" na herufi hiyo haimo?

Mzizi wa Neno

Mama, asili ni Kiitalia "colonnello", mkuu wa safu, kutoka "colonna". "L" mbili zikifuatana hivyo zinautatiza ulimi, Wafaransa wakageuza ya kwanza kuwa "r": "coronel". Wahispania wanasema hivyo hadi leo. Kiingereza kiliipokea kama "coronel" katika karne ya 16, kisha waandishi wakarudisha "l" ya Kiitalia kwenye karatasi, wakati mdomoni "r" iliendelea. Silabi ya katikati ikamezwa, na Waingereza wa kusini wakaacha kutamka "r" isiyofuatwa na irabu.

Ndiyo maana cheo chetu ni kanali. Hatuna "r" kwa sababu midomo tuliyoisikiliza haikuwa nayo, na hatuna "l" mbili kwa sababu hatukukopa kutoka kwenye karatasi.